Kwa Nini Majini wa Kijuju Wanaongea Kiswahili?

Kibanda cha gemu tulichokuwa tunakwenda Musoma mjini, enzi hizo nikiwa sekondari, kilikuwa na televisheni nne na dirisha moja. Televisheni tatu zilikuwa za mpira muda wote. Ya nne, ile ya pembeni kabisa, ilikuwa ya sisi wachache tuliopenda gemu zenye hadithi, na mwenye kibanda alituvumilia kwa sababu tulilipa kama wengine. Siku moja mzee aliyekuwa anapita na baiskeli yake alisimama mlangoni, akachungulia na kuuliza kwa ukali, "Nani anapigwa humu ndani?"

Alikuwa amesikia kelele za watu wazima wenye hasira, kwa Kiswahili, zikitoka kwenye kibanda cha mabati. Angefikiria nini kingine? Tukamwamkia, tukamwonyesha televisheni. "Ni gemu tu, mzee." Akatazama kidogo. Mzungu mwenye mikono kama magogo alikuwa anafyatulia risasi umati wa watu weusi waliovaa kama watu wa mnadani tu: shati, suruali, kandambili. Mzee akauliza swali la pili, na hilo sijalisahau hadi leo.

"Sasa hao wamemkosea nini?"

Tulicheka. Nadhani tulicheka kwa sababu hatukuwa na jibu.

Gemu yenyewe ilikuwa Resident Evil 5 ya kampuni ya Capcom ya Japani, iliyotoka Machi 2009. Kwa ambao hawaijui: Mmarekani aitwaye Chris Redfield anatumwa kwenye mji wa kubuni uitwao Kijuju, mahali fulani Afrika Magharibi. Huko watu wameambukizwa vijidudu vinavyowageuza kuwa viumbe katili. Viumbe hao wanaitwa Majini, na gemu inamweleza mchezaji kwamba hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya pepo wabaya. Na Majini hao, wakiwa huko huko Afrika Magharibi, wanazungumza Kiswahili.

Naomba wasomaji wa ukurasa huu, mliozoea uhakiki wa riwaya na mashairi, mnivumilie. Najua wengi mtaona gemu ni habari za watoto. Mhariri mmoja niliyewahi kumpelekea makala kama hii alinirudishia kwa sentensi moja, kwamba gazeti lake halina ukurasa wa michezo ya watoto. Siku hiyo hiyo ukurasa wake wa nyuma ulikuwa na robo tatu ya uvumi wa usajili wa wachezaji wa mpira. Basi nikaiweka. Naitoa leo kwa sababu nina hoja ya lugha, na kama kuna watu wanaojali lugha, ni ninyi.

Tuanze na jina. Anayetoka mkoa wa Mara akisikia "Kijuju" hasikii mji. Anasikia lugha. Kizanaki, Kijita, Kikurya, Kikwaya, Kijuju. Aliyelitunga jina hilo inaelekea alichukua "juju" ya Afrika Magharibi akaibandika kiambishi cha huku kwetu, na matokeo yake ni kitu ambacho si cha kule wala cha huku. Kuhusu "majini", sisi tuliokulia kando ya ziwa tuna furaha ya ziada, kwa sababu neno hilo hilo linatuambia samaki wanaishi wapi. Rafiki yangu kila alipokutana na kundi la wale viumbe alikuwa anasema, "Nakwenda majini, niletee ndoano."

Lakini utani kando. Jini wa Kiswahili si kiumbe kinachokukimbilia na panga mdomo wazi. Jini ana jina, ana kabila, ana dini yake na chakula anachokipenda. Anataka kitu. Ukikaa naye vizuri mtazungumza, atataja bei yake, mtaelewana au mtashindwana. Mzee wa Pwani anaweza kukueleza tabia za jini fulani kama anavyoeleza tabia za shemeji yake. Yaani kati ya viumbe wote wa kutisha ambao lugha yetu inao, Capcom walichukua jina la yule mwenye maneno mengi kuliko wote, wakampa yule asiye na la kusema.

Hapo ndipo uhakiki wa gemu unapotofautiana kidogo na wa riwaya. Kwenye riwaya, mhusika tunamjua kwa anayosema, anayowaza na yanayosemwa juu yake. Kwenye gemu hayo yote yapo, ila juu yake kuna jambo lenye nguvu zaidi: sheria ya mchezo inakuruhusu umfanye nini mtu huyo? Unaweza kumsalimu? Kumuuliza njia? Kumnunulia kitu? Kumkimbia? Vitenzi unavyopewa juu ya mtu ndivyo maoni ya gemu kuhusu mtu huyo, hata kama waandishi wake wamempa hotuba ndefu ya kutia huruma.

Kwa Mswahili wa Kijuju umepewa vitenzi vichache sana. Umpige risasi, umpige ngumi, umchome kisu. Akifa, mara nyingi anaacha risasi au dhahabu chini, unaokota, unaendelea. (Mtu wa Mara akiona mgeni mwenye bunduki, watu wa kijiji wamelala chini na dhahabu imebaki pale, anaweza kukumbuka habari nyingine kabisa, ambazo hazina zombi ndani yake.) Maneno anayoyapiga kelele yule kiumbe hayajawekwa ili yaeleweke. Kazi yake ni kukujulisha kwamba adui yuko karibu, kama vile mbwa anavyobweka. Kwa mchezaji wa Osaka au Chicago ni sauti tu. Kwa sisi wa kibandani yalikuwa maneno. Tulikuwa wachezaji wachache sana duniani walioelewa wanayosema watu tuliokuwa tunawaua, na tunakiri, ilitusaidia kucheza.

Gemu hiyo ilikosolewa mapema. Video yake ya matangazo ilipotoka 2007, na hasa baada ya mwandishi Mmarekani mweusi wa jarida la Newsweek, N'Gai Croal, kuisema hadharani 2008, mjadala ulikuwa mkubwa. Alieleza kwamba picha zile zina historia yake, kwamba umati wa watu weusi wasio na sura, wanaomsogelea mzungu mwenye bunduki, haukuzaliwa kwenye gemu ile. Wapenzi wa gemu wengi walimjia juu. Walisema Resident Evil 4 ilikuwa na wanakijiji wa Hispania na hakuna aliyelalamika. Hoja hiyo si ya kupuuzwa moja kwa moja, na nimeisikia hata Musoma. Ila katika yote niliyosoma wakati ule na baadaye, hoja zilikuwa za picha: rangi, mavazi, mikuki ya wale watu wa kinamasi. Sikukutana na aliyeuliza kuhusu lugha. Pengine kwa sababu waliokuwa wanabishana hawakuwa wanaisikia kama lugha.

Kwa haki, lazima niseme habari za Sheva Alomar. Huyu ni mwenzake Chris, mwanamke wa Kiafrika, na ukicheza peke yako kompyuta ndiyo inayomwongoza. Watu wamemcheka sana kwa jinsi anavyopoteza risasi na dawa. Hadithi haimpi nafasi kubwa, na kati ya mavazi ya ziada unayoweza kumfungulia kuna la ngozi ya chui ambalo nisingependa mama yangu alione. Lakini ipo sheria moja: Sheva akifa, mchezo umekwisha. Huwezi kumwacha ukasonga mbele. Kwa hiyo unajikuta unamwangalia, unamgawia dawa, unamwita. Kwa saa nyingi nilijali uhai wa Sheva kuliko nilivyojali chochote alichosema. Waandishi walimpunja, sheria ya mchezo ikamrudishia kidogo. Mhakiki anayetazama hadithi peke yake hataliona hilo.

Mbona nazungumzia sheria za mchezo kana kwamba ni jambo la kisasa? Ninaandika haya nikiwa Butiama, nyumbani, na hapa sheria za mchezo zinahakikiwa kila jioni chini ya miti. Bao. Mwalimu Nyerere alipenda sana kulicheza, hilo linajulikana, na ipo simulizi kwamba ujanja wake kwenye bao akiwa mtoto ulimvutia chifu jirani, rafiki wa baba yake, aliyeshauri mtoto huyo apelekwe shule. Akapelekwa, Mwisenge, Musoma, mwaka 1934.

Bao lina mashimo 32 na kete 64, halina sura ya mtu hata moja. Lakini tazama shimo linaloitwa nyumba. Wakati wa kunamua, kete yako ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yako baada ya kula, una hiari: kulala hapo, au kuichukua nyumba nzima na kusafiri nayo. Ukisafiri unaweza kula sana. Lakini nyumba ikishasafiri haiwi nyumba tena. Nimeona wazee wakikaa kimya muda mrefu kwenye uamuzi huo, na watazamaji nyuma yao wakiguna, wakitikisa vichwa, wakisema "aa, ameiacha mapema huyu." Ule ni uhakiki. Kwa lugha yetu, na istilahi zetu wenyewe, juu ya jambo ambalo mchezo umelisema kwa sheria tupu bila hata mstari mmoja wa maelezo: kuondoka nyumbani kuna faida, na gharama yake hairudi.

Na Butiama hii hii ndiko alikozaliwa mtu aliyekitafsiri Kiswahili kikavaa joho la Kirumi. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka 1963, akairekebisha ikatoka tena 1969 kama Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi. Tunaweza kubishana kuhusu neno "mabepari" (mimi huwa nabisha), lakini jambo alilolifanya liko wazi. Aliwapa Bruto na Shailoki lugha yetu ili wafikiri kwayo, wajitetee, wadanganye, wajute. Miaka arobaini baada ya 1969, lugha hiyo hiyo ikaingia kwenye gemu iliyouzwa dunia nzima kama mbweko.

Haikuwa mara ya kwanza Kiswahili kusikika kwenye gemu kubwa. Mwaka 2005 ilitoka Civilization IV, na ukifungua tu, kabla hujacheza, unapokewa na kwaya inayoimba "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, muziki wa Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata Grammy, tuzo ya kwanza ya aina hiyo kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu. Ni wimbo mzuri, nikiusikia nasimama. Lakini ingia ndani ya mchezo wenyewe uwatafute Waswahili. Utamkuta Mansa Musa, utamkuta Hatshepsut. Mswahili hayupo, ameimba mlangoni akabaki nje. Kwenye Civilization VI ya 2016 Zanzibar ipo, kama mji mdogo unaoutumia wajumbe mpaka uwe bwana wake, nao unakupa mdalasini na karafuu. Utaniambia historia ilikuwa hivyo. Sehemu yake, ndiyo. Ila wenye mji walikuwa na shughuli zao pia.

Basi nimefika kwenye gemu iliyonifanya nirudi kuandika. Tales of Kenzera: Zau ilitoka Aprili 2024. Aliyeiasisi ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wapenzi wa gemu wanamjua kwa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza na studio yake ya Surgent baada ya kufiwa na baba yake. Kijana Zau, mganga asiyekomaa, amempoteza baba. Anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, wanapatana: nikuletee roho tatu kubwa zilizokukataa, unirudishie baba yangu. Na gemu nzima inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili.

Mdogo wangu alikuja nayo kwenye kompyuta yake likizo iliyopita. Tulikaa sebuleni, mama akiwa anachambua mchele mlangoni. Katika miaka yote mama hajawahi kuuliza chochote kuhusu gemu, isipokuwa tunazima saa ngapi. Kama nusu saa hivi, bila kuinua macho kwenye ungo, akasema, "Huyo mtoto anamlilia nani?"

"Baba yake, mama. Amefariki. Anataka arudishwe."

Akaendelea kuchambua. Sisi wenyewe baba yetu alifariki miaka sita iliyopita, na nyumba yetu si ya watu wanaozungumzia jambo hilo. Halafu akauliza, "Na huyo aliyemkubalia, amemtajia bei?"

Mdogo wangu akasimamisha mchezo. Ikabidi amweleze mpango wote, roho tatu, vinyago viwili vya jua na mwezi, Kalunga anayetembea na kijana njia nzima kama mjomba mwenye subira. Mama akasikiliza. "Hiyo bei ni ndogo mno," akasema. "Atadanganywa."

Mama alikuwa ameingia kwenye hadithi kwa mlango wa lugha, na hoja ya kwanza aliyoileta ilikuwa ile ile niliyoisema kuhusu majini: aliyeko upande wa pili anataka nini? Kwa mara ya kwanza nilikuwa nacheza gemu ambayo swali hilo lilikuwa na mtu wa kulijibu.

Kama muundo wa mchezo, sehemu ninayoipenda kuliko zote ni mibuyu. Kwenye safari kuna mahali Zau anakuta mbuyu, anakaa chini yake, anazungumza kuhusu baba yake, na uhai wake unaongezeka. Gemu nyingi zinakuongezea uhai kwa kuua au kwa kuokota. Hii inakuongezea kwa kukaa. Hakuna aliyehitaji kutuambia kwamba anayeomboleza anahitaji kukaa chini, sheria imelisema.

Bahati mbaya, waandishi wakaamua kutuambia hata hivyo. Zau na Kalunga wanazungumza kama watu waliotoka semina ya ushauri nasaha. Kila hisia inatajwa jina: nina hasira, naogopa, najilaumu. Msiba ninaoujua mimi hauongei hivyo. Unaongea kuhusu nani amelipia maturubai. Mapigano nayo yanajirudia: unafungiwa uwanjani, wanatokea maadui, unawamaliza, lango linafunguka, halafu tena. Na kuna Impundulu, ndege wa radi wa Kusini mwa Afrika, amewekwa kwenye dunia moja na Kalunga wa Kongo chini ya jina la jumla la Kibantu. Ukiibana Kijuju kwa kuchanganya Afrika, ni haki kuibana Kenzera pia. Tofauti ninayoiona ni kwamba Kenzera inachanganya ili kupata watu wa kuzungumza nao. Lakini kuchanganya ni kuchanganya, na Mxhosa ana haki ya kuuliza kama mimi nilivyouliza.

Kwa bahati mbaya uhakiki wa namna hii haukupata nafasi kubwa. Watu wengi mtandaoni waliishambulia gemu hii kwa sababu ya rangi ya waliomo na walioitengeneza, mpaka Salim akalazimika kutoa video ya kulizungumzia. Julai 2024 studio ikapunguza wafanyakazi. Ukiwa unaipenda gemu, unaona aibu kusema mapigano yake yanachosha wakati wengine wanaitukana. Nimejikuta hapo miezi kadhaa. Lakini mkienda kwa wazee wa bao mtaona kwamba wanayemkosoa kwa sauti kubwa kuliko wote ni yule wanayemthamini. Mchezaji mbovu hawamsemi, wanamwondokea.

Mdogo wangu hakubaliani nami kuhusu mapigano. Anasema mimi nazeeka, na kwamba kubadilisha vinyago hewani kabla hujatua ni raha ambayo sijaijua kwa sababu vidole vyangu ni vya mwandishi. Tulibishana hadi umeme ulipokatika. Mama akauliza kutoka chumbani kama yule mtoto ameshamletea roho ya pili.

"Bado, mama. Moja tu."

"Mwambieni asikabidhi zote kwa mpigo."